Shemeji Alizima Tovuti ya Mama Ili Dada Yangu Arudi Kwake

Nina miaka kumi na saba na niko kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa hapa Eastlands. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalijua, bado nanyamaza... Nyumbani wageni wakija najificha jikoni na sitoki mpaka waende. Kwa hivyo anayenijua akisoma haya atashangaa nimepata wapi ujasiri. Si ujasiri. Ni hasira!

Nimemkasirikia mwanamume mmoja. Nimemkasirikia anko wangu. Na Mungu anisamehe, nimemkasirikia mama yangu mzazi. Mkisikia kwamba yote yalianza na tovuti, tafadhali msicheke. Watu wameshacheka vya kutosha. "Ati mlisambaratika kwa sababu ya website tu?" wananiuliza. Ndiyo. Website tu!

Tunaishi Umoja, katika nyumba iliyoongezwa vyumba mbele na nyuma hadi jua halijui liingilie wapi. Baba alienda zake nikiwa mdogo na sina la kusema kumhusu. Mama ana kibanda soko la Kariokor. Anatengeneza sandali za ngozi, zile za kutiwa shanga, na mikono yake inanuka gundi hata siku ya kanisa. Sokoni anaitwa Mama Njeri, kwa jina la dada yangu mkubwa, na hata wateja wanamjua hivyo hivyo.

Njeri ndiye aliyenilea mama akiwa sokoni. Alinisuka nywele, akanifundisha hesabu, akawa ananisemea dukani nikishindwa kusema. Ni msichana mcheshi, akicheka unamsikia hadi nje ya geti. Alikuwa anafanya kazi kwenye duka la dawa karibu na kwetu. Nikisema "alikuwa", mtaelewa baadaye kwa nini.

Shida ya Kariokor ni kwamba vibanda vimebanana na kila mtu anauza sandali. Mteja akikohoa tu, jirani ameshamvuta mkono. Mama hawezi fujo hizo. Kuna siku alikuwa anarudi nyumbani na gunia lile lile alilotoka nalo asubuhi, anakaa kwenye kiti bila kuvua koti... Inauma kumwona mama yako hivyo.

Halafu shuleni tukaanza kusoma jinsi ya kutengeneza tovuti. Mimi, nisiyeweza kumwambia mteja hata "karibu", nikagundua ninaweza kumkaribisha bila kufungua mdomo! Nililifanyia kazi jambo hilo kama mtu mwenye wazimu. Nilipiga picha sandali zote za mama. Njeri ndiye aliyezivaa, kwa sababu ana miguu mizuri, akawa anasimama kwenye ngazi za ploti akinilalamikia, "Shiru, harakisha, jua litanichoma vidole!"

Mwalimu wetu wa kompyuta, Bi Achieng', alinieleza kuwa unalipia vitu viwili. Kuna jina, lile ambalo watu wanaandika wakikutafuta. Halafu kuna mahali pa tovuti kukaa, yaani nafasi kwenye kompyuta kubwa isiyozimwa, na hapo ndipo kampuni za hosting zinapoingia. Akanionyesha kampuni moja yenye ofisi mjini.

"Usianze na bei," aliniambia. "Uliza siku nikitaka kuhama, nitatoka na nini? Jina ni langu? Picha nitapewa? Mtu akianza kukuzungusha hapo, toka mbio."

Laiti ningetoka mbio! Lakini nitakimbiaje kutoka kwa shemeji yangu?

Huyo shemeji tutamwita Kevo. Alikuwa mchumba wa Njeri. Alikuwa na ofisi juu ya duka la mbao na misumari, anatengenezea watu kompyuta, na pia alikuwa amekodi nafasi kubwa kwenye seva, yaani kompyuta kama hiyo, ya kampuni ya nje ya nchi, anaikatakata na kuwapa wenye biashara ndogo ndogo. Alikuwa anavaa shati lililopigwa pasi hata Jumamosi. Mama alimpenda! Wakati huo alikuwa ameshaleta mbuzi wa ithigi, ambao kwetu Wakikuyu ni ishara kwamba msichana ameshachumbiwa na wengine wakae mbali. Anko Gitau, kaka yake mama, ndiye aliyesimama badala ya baba siku hiyo. Kevo alimnunulia koti jipya. Hilo koti mlikumbuke... Au msilikumbuke, basi. Linanichefua.

Nilipomwambia mama kuhusu kampuni ya mjini, Kevo alikuwa pale pale sebuleni anakula chapati zetu.

"Mum, hapana," alisema. "Mna haja gani ya kupelekea wageni pesa na mimi niko hapa? Mimi si mtu wa nyumbani? Leteni hiyo kitu niiweke kwangu bure."

Halafu akasema jina la tovuti liandikwe kwa jina lake kwa muda tu, kwa sababu mimi sina kitambulisho cha kitaifa, na mama hana hata baruapepe. Nikitimiza miaka kumi na minane tutabadilisha. Lilisikika kama jambo la busara. Lakini niulize... Mama ana kitambulisho! Njeri ana kitambulisho! Nyumba nzima watu wazima walikuwa na vitambulisho kwenye mikoba yao na hakuna aliyefikiria hilo! Mimi nilifikiria. Nikamfuata mama jikoni, nikamnong'oneza kwamba mwalimu ametuonya, tumwombe Kevo angalau aandike jina la mama.

Mama alinigeukia kama nimetukana.

"Unataka kunitia aibu kwa mkwe wangu? Nimwombe mkwe karatasi, kama mwizi?"

Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa hadi inazidi. Mama hakuwa anakaa kiti kimoja naye. Hata jina lake hakulitaja ovyo, alikuwa anasema "yule wa Njeri". Ungemwambia mama amwombe mtu kama huyo password? Afadhali ungemwambia atembee uchi Kariokor. Na Kevo, mtoto wa huko huko kwetu, aliijua heshima hiyo vizuri sana. Aliikalia kama kiti!

Tovuti ikafunguliwa. Ikaitwa kwa jina la biashara ya mama, Mama Njeri na ngozi. Mimi nilipewa njia ya kuongeza picha na kubadilisha bei, basi. Mengine yote yalikuwa mikononi mwa Kevo.

Nisiwe mwongo, mwanzo mambo yalikuwa matamu. Watu walianza kupiga simu kutoka Thika, Machakos, hadi Kakamega. Mama akaajiri msichana wa kumsaidia kutia shanga. Alikuwa anaimba akioga! Shule walianza kuniita "CEO" nikawa nataka ardhi inimeze, lakini moyoni nilifurahi.

Kisha likaja kofi.

Njeri na Kevo walikuwa wamealikwa kwa rafiki za Kevo. Mmoja akatoa mzaha kuhusu kipara cha Kevo, Njeri akacheka kile kicheko chake. Kevo akamzaba kofi mbele ya wote. Halafu akachukua kijiko akaendelea kula! Njeri alirudi nyumbani shavu limevimba, akatuambia bila kulia kwamba ameachana na Kevo na hataki kusikia jina lake tena.

Nilidhani mama atawaka moto. Mama alisema nini? Alisema mbuzi wameshaliwa. Alisema ndoa zina mambo yake, wanaume wana hasira, arudi akanyamaze kidogo. Njeri akamwambia, "Mama, kama ni mbuzi nitawatapika." Akaenda kulala.

Sasa nisikilizeni kwa makini.

Siku chache baadaye simu ya mama ikanyamaza. Kimya kabisa. Tukadhani ni biashara imepoa tu. Jumamosi nikiwa kibandani nikimsaidia mama, akaja mama mmoja wa Eastleigh, amejifunga buibui, anahema. Alikuwa anaozesha binti yake na alitaka sandali za maharusi wote.

"Mama Njeri! Kumbe uko hai?" alisema. "Nimepiga simu, mwanamume akaniambia umefunga biashara. Nimeshaagiza kwa mwingine, wallahi. Nimepita tu kuona kama ni kweli."

Mama alibaki ameshika nyundo hewani. Mimi nikafungua tovuti kwenye simu. Namba ya mama haikuwepo! Palikuwa na namba ya Kevo. Yaani kila aliyetaka sandali zetu alikuwa anampigia yeye, na yeye anawaambia wote kwa sauti yake ya upole kwamba Mama Njeri amefunga...

Nikajaribu kurudisha namba yetu. Njia yangu ya kuingilia ilikuwa imefungwa. Kufika jioni tovuti yote ilikuwa ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa kusema akaunti imesimamishwa.

Mimi, ambaye sipigi simu hata kwa mashangazi, nilimpigia Kevo. Nikamwambia, shemeji tafadhali, biashara ni ya mama, haina uhusiano na ya kwenu.

"Shemeji mdogo," alisema akicheka, "mwambie dada yako anajua namba yangu."

Akakata.

Niliandikia kampuni ya nje yenye ile seva. Nilieleza kila kitu, kwa Kiingereza changu cha shule, hadi nikawatumia picha za mama akiwa kibandani. Wakajibu kwa heshima sana kwamba mwenye akaunti ni mtu mwingine na wao wanazungumza na mwenye akaunti pekee. Bi Achieng' alijaribu pia akashindwa. Alinitazama tu, hakuniambia "nilikuonya", na hilo ndilo lililoniliza.

Jumapili baada ya kanisa, Anko Gitau akaja nyumbani. Amevaa lile koti. Nyuma yake, Kevo! Ati wamekuja tuelewane kama familia. Njeri alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango wa chumba chetu, amekunja mikono.

Kevo akaongea kama mchungaji. "Mum, mimi sina ubaya na mtu. Njeri akirudi tukae kama watu wazima, hiyo website inawaka leo leo. Ni kubonyeza tu."

"Kwa hivyo mimi ndio password?" Njeri akauliza.

"Njeri, shika adabu!" Anko alifoka. "Huyu kijana amekula hasara kwa ajili yenu. Nani mwingine angewapa kitu kama hicho bure?"

Nilikuwa jikoni na trei ya chai. Sijui miguu yangu ilinipelekaje sebuleni. Niliweka trei mezani, chai ikamwagika, na nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Shem, si useme tu ukweli. Jina la website liko kwa nani?"

Wote waliniangalia kama kiti kimeongea. Kevo akacheka hadi meno ya nyuma yakaonekana.

"Kumbe haka kasichana kana mdomo! Sawa, wacha nikuambie. Jina liko kwangu. Akaunti ya seva ni yangu. Picha ziko kwangu. Hata miguu ya dada yako iko kwangu. Kuna lingine, mwalimu?"

"Hakuna," nikasema. "Nilitaka tu mama asikie."

Na mama alisikia! Niliona amesikia. Nikangoja... Nilikuwa na hakika atasimama, atafungua mlango, atamwambia Kevo, na Anko na koti lake, watoke. Wasomaji, mmewahi kungoja mama yenu awapiganie? Mmewahi kuona anaangalia mikono yake tu?

Akasema polepole, "Njeri, mwanangu. Toka tu hapo nje mwongee naye. Kidogo tu. Hata kama ni uwongo, mwambie utarudi. Akishafungua tutajua la kufanya."

Sitasahau jinsi Njeri alivyomwangalia. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningevumilia.

"Na akinipiga hapo nje, mama," alisema, "utangoja afungue kwanza ndio upige nduru?"

Mama akaanza kubandua gundi kwenye vidole vyake.

Njeri akainuka, akaingia chumbani. Tulisikia kabati likifunguliwa. Anko akaanza kumwambia Kevo wasichana wa siku hizi wana kiburi, Kevo akawa anatikisa kichwa kwa huzuni, mnafiki yule! Njeri akatoka na begi. Akanibusu kwenye paji la uso, akapita katikati yao.

Kevo akasimama haraka. "Beb, njoo basi tuongee..."

"Zima yote," Njeri akamwambia. "Zima hadi stima ya mtaa."

Akaenda. Nilitoka nikamkimbilia hadi geti, lakini alinipungia mkono nirudi. Niliporudi ndani mama alikuwa bado ameketi pale pale, na Anko alikuwa anakunywa chai. Alikuwa anakunywa chai!

Kevo alipotoka alisema, "Nyinyi watu hamjui biashara." Tovuti haikuwaka siku hiyo wala siku nyingine. Baadaye jina lile alimpa mtu mwingine anayeuza viatu vya kutoka nje. Hadi leo mtu akitafuta Mama Njeri anaangukia viatu vya plastiki. Zile picha zetu bado zimetapakaa mitandaoni, na sina mamlaka ya kuziondoa hata moja.

Sasa Njeri yuko mji mwingine. Alipata kazi kwenye duka jingine la dawa. Hajarudi nyumbani, hata Krismasi hakuja. Kwa hivyo tulikosa tovuti, tukamkosa na Njeri. Mama alitaka kuuza kimoja aokoe kingine, akabaki mikono mitupu. Nikisema hivi watu wa kanisa wananiambia nina moyo mgumu, nimsamehe mzazi. Labda siku moja. Leo sina huo msamaha, siwezi kuutengeneza kwa maneno.

Tulianza upya. Mama mwenyewe alivaa nguo zake za kanisani akaenda mjini kwenye ile kampuni aliyoisema Bi Achieng'. Alimuuliza kijana wa pale maswali hadi akaitisha maji. Jina likaandikwa la mama, kwa kitambulisho cha mama, na baruapepe nikamfungulia. Kila Ijumaa ninanakili tovuti yote kwenye flashi ninayoiweka kwenye droo yangu. Oda zinakuja pole pole. Ni jina jipya, watu hawalijui bado.

Wenzangu, hasa nyinyi mnaowasaidia wazazi na biashara zao, nawasihi. Usimpe mtu tovuti yako aikalie kwa sababu anakupenda, au anaposa kwenu, au mnaimba naye kwaya, au ni mtoto wa shangazi. Mlipe mtu usiyemjua, akupe stakabadhi, umdai haki yako bila kuona haya! Bure ya mtu wa nyumbani ndiyo iliyotugharimu Njeri. Jina liwe lako. Password uwe nayo wewe. Nakala uwe nayo nyumbani. Na mtu akikasirika kwa sababu umeuliza hayo, ashakujibu tayari. Msiwe kama sisi tulioogopa kumwaibisha mgeni, tukamwaibisha mtoto wetu wenyewe mbele ya mgeni!

Na nyinyi wazazi... Msiposikia kitu kingine, sikieni hiki. Binti akija na shavu limevimba, msiulize mbuzi.

Siku hizi mama akirudi jioni ananiuliza, "Shiru, kuna oda?" Namwambia ziko au haziko. Halafu anasimama tu hapo mlangoni, mkoba begani, hasongi mbele wala harudi nyuma. Najua anachotaka kuuliza. Najua Njeri alinipigia mchana, najua amepata chumba chenye dirisha kubwa, najua aliniuliza kama kifua cha mama bado kinamsumbua kwa ile gundi.

Mama hajauliza na mimi sijamwambia. Akitaka habari za mtoto wake, amtaje kwa jina.